Chango cha Mlangoni

Enzi zetu, wenzangu tuliokulia Bagamoyo kabla mji haujapigwa mizinga, mwaka hatukuuhesabu kwa mvua wala kwa misafara iliyoshuka kutoka bara. Tuliuhesabu kwa kuta za Bi Mwanajumbe. Najua mtanicheka, kwamba sina hata unywele mmoja mweupe nami nimeshaanza kusema enzi zetu. Nichekeni. Mstari huu wa kwanza peke yake nimeufuta na kuuandika upya hata karatasi imekaribia kutoboka, na maradhi hayo ya kufuta ndiyo yaliyonileta kwenye habari hii.

Bi Mwanajumbe alikuwa na nyumba ya mawe nyuma ya soko. Ndani yake mlikuwa na chumba kirefu chenye zidaka za chokaa za kuwekea vyombo, na juu ya zidaka safu ya vyango, vile vijiti vya kutundikia vilivyopigiliwa ukutani. Kila msimu chumba kile kilivaa nguo nyingine. Mfungo Tatu, karibu na Idi Kubwa, ilikuwa zamu ya shaba: mabirika, masinia na vyetezo vilivyosuguliwa kwa ndimu na majivu mpaka ukajiona pua. Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi, zilipangwa sahani za Kichina. Rajabu ilikuwa ya kofia na kanzu za kudarizi. Shaabani, watu walipokuwa wakijitayarisha kwa Ramadhani, ukuta mzima ulikuwa wa misala ya kuswalia. Vitu vyenyewe havikuwa vyake. Kila nyumba ilileta kimoja, kile kizuri kuliko vyote, naye akavipanga. Halafu mlango ulifunguliwa, na wanawake wa mji wakaja kutazama, kusifu na kusengenya.

Sisi watoto tulitoka chuoni mbio, herufi bado zimetuganda ulimini, tukaacha mdako na kombolela, tukapanga foleni mlangoni. Bi Mwanajumbe alitukagua nyayo kama mtu anayekagua kwato za mbuzi, na mwenye mchanga alirudishwa birikani kunawa miguu. Ndani mlinukia udi na kashata za nazi. "Tazameni kwa macho," alikuwa akisema. "Mikono ni ya kulia wali." Watoto wa siku hizi ukiwaonyesha sahani ya Kichina wanakuuliza itapakuliwa nini. Sisi tulishika pumzi.

Chango cha kwanza, pale mlangoni mwanga ulipoangukia, kilikuwa cha mama yangu. Sisi hatukuwa watu wa nyumba ya mawe. Tulikaa pembeni mwa mji, njia ya kwendea Kaole, katika nyumba ya udongo yenye mihogo mpaka ukutani. Lakini Shaabani ikifika, mwenye sahani na mwenye shaba wote walipita kwanza mbele ya msala wa mama. Nilikuwa nikijisimamisha chini yake ili watu wajue mimi ni wa nani.

Kisha mama akajifungua mdogo wangu, na upande wake wa kulia ukalegea. Mguu ulirudi kidogo kidogo. Mkono haukurudi. Shaabani ya mwaka ule chango chetu kilikaa kitupu, na hakuna aliyesema neno, maana mgonjwa hasemwi. Lakini Bi Mwanajumbe alikuwa na desturi yake, na desturi hiyo haikumhurumia mtu: "Chango hakilali uchi miaka miwili." Nyumba iliyoshindwa mara ya pili ilimpisha mwingine, na aliyekuwa akingojea pale mlangoni alijulikana. Alikuwa Bi Tatu wa Kaole, fundi hodari na mtani wa mama tangu usichana wao. Ndiye aliyewahi kusimama mbele ya kazi ya mama na kuuliza mbele za watu, "Huu msala, au jamvi la kuanikia dagaa?" Mama akamjibu, "Ni jamvi, shoga. Nasubiri dagaa wenyewe waje, nao naona wameshafika."

Nikaamua mwenyewe, bila kumwambia mtu, kwamba chango hakitalala uchi. Mama hakuwa amenifundisha kusuka. Akijaribu kuonyesha kwa mkono mmoja alikasirika, akaugeuzia uso ukuta. Nilikuwa nimejifunza kwa macho chumbani mle, kwa kuchungulia upande wa nyuma wa misala ya watu, pale ambapo ncha zimefichwa na makosa yamelala. Nikakata ukindu, nikauchemsha, nikautia rangi, nyekundu ya magome ya mkoko na njano ya manjano. Nikaanza kusuka ukili, ule mshipi mrefu unaozungushwa na kushonwa ukawa msala.

Na hapo maradhi yangu yakanishika. Nilisuka urefu wa mkono, nikaona pindo moja limelala vibaya, nikafumua. Nikasuka tena, nikaona njano imezidi, nikafumua. Usiku nilipapasa ukili gizani nikitafuta kosa, na atafutaye kosa halikosi. Mnaojua kazi hii mnajua kwamba ukindu unavumilia kufumuliwa mara mbili tatu, kisha unapasuka kama nywele kavu. Wangu ulipasuka. Nikakata mwingine, nikaanza upya. Siku ya kufunguliwa mlango, Shaabani ya pili, ilinikuta na ukili mrefu uliokamilika, lakini haujashonwa hata mzunguko mmoja. Nami nilikuwa nimekaa uani na machozi, natafuta ncha ili niufumue.

Mama alikuja akiburura mguu. Aliuchukua ukili mkononi mwangu, akaupitisha kati ya vidole vya kushoto, taratibu, wote, mwanzo hadi mwisho. Sijapata kungojea neno namna ile. Hakusifu wala hakukosoa. "Leo hufumui," akasema. "Vaa, twende."

Tulipoingia, chumba kilikuwa kimejaa. Mama alimwamkia Bi Mwanajumbe, akaenda moja kwa moja mlangoni, akautundika ukili ule kwenye chango, umejizungusha kama kamba ya kisima. Nilitamani sakafu inimeze.

"Msala uko wapi?" Bi Mwanajumbe akauliza.

"Ndio huo, bibie," mama akajibu. "Haujalala tu."

Mmoja akacheka. Bi Mwanajumbe alitazama chango, akatazama umati, kisha akamtazama Bi Tatu, maana msala wa Bi Tatu ulikuwa tayari, umekunjwa kwapani, mzuri, mashaallah. Alikuwa na haki ya kuuinua tu na kuutundika. Badala yake Bi Tatu aliusogelea ukili, akaugeuza, akautazama upande wa nyuma, kama ninavyotazama mimi. Kisha akaketi chini na kunyoosha miguu.

"Nipeni shazia," akasema, akitaka ile sindano nene ya kushonea mikeka. "Nikichukue chango kwa mgonjwa, halafu nimtanie nani? Watu wa mji huu hawana majibu."

Alishona moyo wa msala na mzunguko wa kwanza, akampa jirani yake. Shazia ikazunguka chumba kizima, mkono kwa mkono, kashata zikiliwa na masengenyo yakiendelea. Kila mtu alishona kwa mkono wake. Mmoja alikaza mno, mwingine akaacha mapengo ya kupita mchwa, na Bi Mwanajumbe mwenyewe, ambaye kazi yake ilikuwa kupanga kazi za wengine, alishona upogo hata tukaona haya kwa niaba yake. Mimi nilikuwa nikiteseka. Niliyaona makosa yote, na vidole viliniwasha. Nikamnong'oneza mama kwamba nyumbani nitafumua mizunguko mibovu na kuishona vizuri.

"Ukifumua huo," akasema, "utakuwa umefumua watu."

Mzunguko wa mwisho uliachiwa sisi wawili. Nilisukuma shazia kwa mkono wangu wa kulia, mama akashika ukili na kuvuta uzi kwa wa kushoto. "Haya," Bi Tatu akasema, "mmetimia mtu mmoja." Msala ukatundikwa pale mlangoni, upogo, na Shaabani ile hakuna aliyepita bila kutafuta mzunguko wake na kumwonyesha mwenziwe.

Chumba kile hakina paa sasa, na sahani za Kichina zilikwenda na vumbi lake. Mabinti wa leo wananunua mikeka iliyokwisha kushonwa, iliyonyooka, isiyo na mtu ndani yake, nao wananiuliza kwa nini naswalia kitu kilichopinda. Mama ameshatangulia, na Bi Tatu pia, Mungu awarehemu. Bado nafuta maandishi, bado nafumua kila nikisukacho. Ila msala ule, kila nikisujudu, paji la uso wangu linaangukia pale alipoanza Bi Tatu, na vidole vyangu vinagusa mzunguko wa mwisho. Sijaufumua hata uzi mmoja.