Ekseli aliyoipinda baba mdogo kwa ajili ya harusi ya dada yangu, Makere miaka ya tisini

Wakuu, mwakeye wote, kama tunavyosalimiana kwetu.

Mimi humu nasomaga tu, kuandika naonaga aibu. Ila juzi kuna vijana walikuwa wanajadili kushusha pua za magari ya zamani, mmoja akasema fundi yeyote anaweza kukunja ekseli ya mbele. Nikashindwa kunyamaza.

Hili niliona kwa macho yangu, na sitaongeza chumvi.

Nilikuwa sekondari, tunaishi Makere, Kasulu. Mdogo wake baba, tukimwita baba Zabroni, alikuwa na karakana pale barabarani. Mtu wa kelele, akicheka anasikika ng'ambo ya bonde. Ukoo wetu ni wafua majembe, yeye ndiye wa kwanza kuhamia kwenye magari.

Alikuwa na pikapu kuukuu, taa za mviringo kama macho ya bundi. Aliitoa kwenye magugu, akaifufua mwenyewe. Nililipenda lile gari jamani, basi tu sikumwambia mtu.

Dereva mmoja wa kigeni aliyekuwa akipita kwenda makambini kwa wakimbizi akamwachia gazeti lenye picha za magari ya zamani yaliyoshushwa mbele. Baba Zabroni akabandika picha moja ukutani. Ikamroga.

Kwa wasiojua: magari yale mbele yana chuma kimoja kinene, kinatoka tairi hili hadi lile. Ukikipinda ncha zipande juu zaidi, gari linashuka. Uzito wote wa mbele uko hapo. Kikikatika, tairi linaenda kwao na nyie mnaenda kwenu.

Sasa dada yangu Dafroza akaposwa Kitahana, kule Kibondo. Baba Zabroni akatangaza mbele ya watu:

"Mtoto wa kaka hapelekwi na gari lililonyanyua pua kwa wakwe. Litainama!"

Akatafuta ekseli nyingine kwenye vyuma chakavu, ile ya mwanzo akaiweka nyuma ya karakana. Akawasha mkaa, wakavukuta hadi chuma kikawa chekundu, akakipinda. Halafu akafanya kile ambacho kila mtu wa ukoo wetu angefanya. Akakichovya kwenye maji.

Jembe ndivyo linavyotengenezwa. Hakuna aliyeshtuka, hata baba yangu alipiga makofi.

Na gari likapendeza, wakuu! Watu walikuja kulishangaa kama mtoto mchanga.

Siku moja kabla ya harusi tukaenda kulijaribu. Mimi ndiye niliyechaguliwa kumsindikiza bibi harusi, kwa hiyo nilikaa katikati ya dada na baba Zabroni. Kwenye mteremko akakanyaga breki, nikasikia "ka!" chini ya miguu yangu.

Nikamnong'oneza dada. Dafroza yeye hana aibu:

"Baba, Tina anasema gari limelia."

"Gari lisilolia limekufa, mwanangu," akacheka.

Ila akapunguza mwendo. Mbele kidogo akasimama kabisa, akageuka kuniangalia.

"Limelia vipi?"

Nikasema "ka", kwa sauti ya panya. Hakucheka tena. Tulirudi taratibu kama tumebeba mayai.

Akaifungua ekseli, akaiosha, akaipaka mafuta ya taa, akaiacha kidogo, akaifuta hadi ikakauka. Kisha akaomba unga wa muhogo kwa mama.

"Shemeji, leo unalipikia gari ugali?" mama akamtania.

Akaunyunyiza kwenye mkunjo. Tukasubiri. Ukatokea mstari mwembamba kama unywele, unga umelowa. Mafuta yalikuwa yamejificha kwenye ufa, sasa yanatoka.

Hamisi, rafiki yake muuza vipuri wa Kasulu mjini, akasema, "Zabu, chomelea fasta, paka rangi. Harusi kesho! Nani ataona?"

"Nitaona mimi. Nimekichovya kama jembe, Hamisi, kimekuwa kigumu lakini kinakatika. Jembe likimeguka unafua lingine. Huyu nitamfua wapi?" Akamwonyesha dada.

Akaita watu wote waliokuwa wamelisifu gari. Akashika nyundo kubwa. Pigo la pili tu, ekseli ikavunjika pale kwenye mstari, kama muhogo mkavu.

Mtu akapaza sauti, "Zabroni kafua jembe la magurudumu!"

Watu wakaangua kicheko. Na yeye akacheka nao, huku akiokota vipande.

Kesho yake alikuwa bado anafunga ekseli ya mwanzo wakati tulitakiwa tuwe njiani. Tukafika Kitahana tumechelewa, gari pua juu, wakwe wamenuna. Ningekuwa mimi ningesingizia pancha.

Baba Zabroni akashuka, akawaambia, "Nimechelewa kwa sababu chuma nilichokitengeneza kilikuwa kibovu. Nimekivunja jana."

Baba mkwe akamtazama, akalitazama gari, akamtazama dada.

"Basi mmewahi," akasema. "Leteni viti."

Baadaye Hamisi alimpatia ekseli iliyotoka kiwandani ikiwa imepinda vile vile, haijakatwa wala kuchomelewa. Hata hiyo aliipima kwa unga kwanza. Akafunga kamba chini, rimu hadi rimu, kuhakikisha hakuna chuma kinachoning'inia chini ya kamba, maana tairi likiisha upepo kisije kikalima barabara. Na stelingi aliikata kulia na kushoto hadi mwisho kuona kama kuna kinachogusana.

Nilichojifunza: gari likipendeza sana, ndipo ulikague zaidi. Na abiria akikwambia kitu kimelia, simama.

Mafundi mliomo humu, mkinunua ekseli ya mtumba mnaipimaje? Semeni tu, hata kama ni kunikosoa.