Soksi za Kanisa

Nilikuwa nikijisifu kwamba mama yangu ana soksi ambazo hata matajiri wa Ruiru hawana. Nilizitengeneza mwenyewe kwenye karakana ninakofanya kazi. Ndani ya kitambaa niliweka vihisi vyembamba kama karatasi ya peremende, vinavyojikunja na mguu huku vikipima joto na uzito unaokandamiza unyayo. Mama ana kisukari, na miguu yake imekufa ganzi. Angekanyaga msumari asijue. Soksi zingejua, na simu yangu ingeniambia.

Yeye anakaa Makongeni, mimi Membley. Kabla ya soksi nilikuwa nikienda kila Jumamosi, namvua viatu na kumkagua nyayo karibu na dirisha. Baada ya soksi nikaacha. Niende kufanya nini, na simu ni kijani wiki nzima?

Jumapili moja ikawa nyekundu: kisigino cha kulia kilikuwa na joto. Nikampigia.

"Ni jua tu," akasema. "Si nimetembea kutoka kanisa."

Kesho yake, kijani. Jumapili iliyofuata, kijani pia. Nikamshukuru Mungu, nikaendelea na mambo yangu.

Siku chache baadaye jirani yake akanipigia, akasema mama ana homa na hajatoka nyumbani wiki nzima, hata kanisani hakwenda. Nilipofika, harufu ilinipokea mlangoni. Mama alikuwa ameketi akiambua maharagwe, malapa miguuni, kisigino kimeoza naye hana habari.

"Soksi ziko wapi?"

Akanionyesha kabati ya vioo. Zilikuwa zimekunjwa vizuri kando ya vikombe vya wageni, juu ya kitambaa alichofuma mwenyewe.

"Kitu kizuri hivyo nivae nikienda kuchota maji? Hizo ni za kanisa."

Watu hudhani nilimkasirikia. Nilijikasirikia mimi, na bado najikasirikia. Uzito sufuri, joto la kabatini: hata mwanagenzi wa juzi angejua hapo hapana mguu. Na ni mimi niliyeamua kwamba sufuri ionyeshwe kwa kijani.

Walimkata mguu chini ya goti. Alipotoka hospitalini nilimpelekea soksi mpya, moja, ya mguu uliobaki. Nikamsihi aivae kila siku. Aliigeuzageuza mkononi, akanirudishia.

"Hii kaa nayo," akasema. "Wewe kuja Jumamosi."