Alama Kumi za Sumu

Mwinyimvua bin Abbasi alikuwa mwosha chupa katika hospitali moja ya mjini, zama hizo za Mwingereza, na watu wa Kariakoo walimfahamu zaidi kwa mamaye kuliko kwa kazi yake. Mama huyo, Bi Mgeni, alitandaza jamvi karibu na soko akiuza shabu, magadi, haluli ile chumvi chungu ya kuharisha, ubani na mizizi ya kila namna. Mtu akimletea unga mweupe ndani ya karatasi na kumuuliza ni kitu gani, Bi Mgeni hakuuliza umetoka wapi. Alilowesha kidole, akagusa unga, akaweka kwenye ncha ya ulimi, akatema pembeni, kisha akataja jina. Wauza dawa wote pale walipima hivyo. Na Mwinyimvua alikulia kwenye jamvi hilo, kwa hiyo ulimi wake ulijua vitu hivi kabla hajajua kusoma.

Hospitalini aliosha chupa mpaka vidole vikachakaa. Ndipo likatoka neno kwamba waosha chupa wanaojua kusoma wataruhusiwa kufanya mtihani wa kuchanganya dawa. Atakayeshinda ataingia chumba cha dawa, avae koti jeupe, apime kwa mizani. Atakayeshindwa atabaki na beseni lake. Mwinyimvua alilitaka lile koti kuliko kitu chochote, na hakuficha.

Kitabu chao kilikuwa na sura tano. Mwenzake Saif bin Azzan, ambaye babaye alikuwa na duka la vitambaa mtaa wa pili, alipata habari kwa mtu aliyefanya mtihani huo zamani, akaja nayo mbio. Vipimo na mizani vina alama ishirini. Chumvi za dawa ishirini na tano. Asidi na magadi ishirini na tano. Spiriti na mafuta ishirini. Sumu kumi tu. Nayo sura ya sumu ilikuwa ndefu kuliko zote, imejaa majina ya kuvunja meno.

"Sasa wewe niambie," Saif alisema, "mtu mwenye akili atajichosha na kurasa zote hizo kwa alama kumi? Hizo waachie panya."

Mwinyimvua alicheka. Wakapiga hesabu, wakaona hata ukiikosa sumu nzima unabaki na tisini, na kushinda ni hamsini. Basi sura ile wakaifunga. Mwinyimvua alikariri chumvi mpaka akawa anazitaja akila.

Siku ya mtihani waliandika asubuhi, sura nne za kwanza. Mwinyimvua alitoka mwepesi. Maswali ya chumvi yalikuwa kama yameulizwa na mama yake. Alikuwa ananawa uso bombani alipopita Bwana Tarsis, mchanganya dawa mkuu, mtu mrefu wa maneno machache, aliyewafundisha na ambaye angewasimamia mchana. Mwinyimvua akamwamkia, kisha akamwambia kwa furaha kwamba zilizobaki ni zile alama kumi tu za sumu.

Bwana Tarsis akasimama. "Nani kakwambia ni kumi tu?"

Mwinyimvua akamtaja Saif.

"Ni kumi, kweli. Lakini hazichanganywi na zingine. Utaletewa chupa nne za unga mweupe, moja ni sumu. Usipoijua, hata uwe na tisini za asubuhi, jina lako halisomwi. Hamkuuliza, na mimi nilidhani mnajua."

Akaenda zake. Mwinyimvua alihisi maji ya bomba yamegeuka barafu shingoni. Alimtafuta Saif, akamkuta anatafuna mhogo wa kuchoma, akamweleza. Saif aliuweka mhogo chini na hakuugusa tena. Wakakimbilia kwenye nyasi za Mnazi Mmoja, wakafungua ile sura waliyoiacha, kila mmoja ameshika upande wake wa kitabu. Mmoja akitaka kugeuza ukurasa, mwingine anamzuia. Walikaribia kupigana.

Mwinyimvua alisoma kama mtu anayechota maji kwa pakacha. Lakini mambo mawili yalishika. La kwanza, aseniki, ile wanayoulia panya, ukiiweka juu ya kaa la moto hutoa moshi unaonuka kitunguu saumu. La pili, aseniki haina ladha ya kumwonya mtu, na aliyeimeza hukaa vizuri kwa muda, anacheka na wenzake, kabla tumbo halijaanza kumkata. Hapo kengele ikalia.

Chumba cha mtihani kilikuwa kimya. Kila mtu na meza yake. Juu yake chupa nne zenye herufi, taa ya spiriti, vipande vya makaa, maji, na kikombe cha asidi. Daktari wa Kizungu alikaa mbele akisoma karatasi zake. Bwana Tarsis alitembea katikati ya meza, viatu vyake havisikiki.

Mwinyimvua akavuta chupa ya kwanza, akamwaga unga kidogo kwenye kisahani. Mweupe, mzito kidogo. Shabu iliyosagwa? Chaki? Akainama kuutazama vizuri. Na mkono wake, ule uliolelewa jamvini, ukafanya kazi yake bila kumuuliza. Kidole kikalowa, kikagusa unga, kikafika ulimini.

Akangoja ule ukakasi wa shabu. Haukuja. Haukuja uchungu wa haluli. Hakikuja kitu.

Ndipo akajua alichofanya.

Alitema kwenye leso akijifanya anakohoa. Akaangalia mbele, Daktari bado anasoma. Akaangalia pembeni, Bwana Tarsis amempa mgongo. Hakuna aliyeona. Chaki nayo haina ladha, akajiambia. Ni chaki. Itakuwa chaki.

Akachukua kaa, akalishika kwa koleo juu ya taa mpaka likawa jekundu, akalinyunyizia chembe za ule unga. Hakutaka kuvuta pumzi. Moshi mweupe, mwembamba, ukainuka. Harufu ikaja yenyewe, kama jikoni mtu anapokaanga mchuzi. Kitunguu saumu.

Aliandika jibu: chupa ya kwanza, aseniki. Alama kumi hizo hapo. Koti hilo hapo. Zilibaki chupa tatu zisizo na hatari yoyote, na tumbo lake lilikuwa limetulia kabisa. Alikuwa ameonja chembe tu, tena ametema. Angemaliza, atoke polepole, akanywe maji ya haradali kwa mama yake atapike, na hakuna ambaye angejua.

Tumbo limetulia. Yale maneno ya kitabu yakamrudia: hukaa vizuri kwa muda, anacheka na wenzake.

Akainua mkono.

Bwana Tarsis akaja. "Una nini?"

"Nimeonja."

"Umeonja nini?"

Mwinyimvua alinyoosha kidole. Bwana Tarsis akatazama chupa, akatazama kaa, akasoma jibu lililoandikwa. Hakupaza sauti. Alimshika mkono kwa nguvu, akamtoa nje huku akimwita Daktari kwa Kiingereza, na vijana wote wakageuka. Nyuma ya jengo walimnywesha maji ya haradali, akatapika, wakamnywesha tena, akatapika mpaka akakosa cha kutapika. Alilala wodini usiku ule na tumbo halikumkata. Daktari alisema ni kwa sababu amesema mapema. Au pengine chembe zilikuwa ndogo, hakuna aliyejua kwa hakika.

Majina yalisomwa barazani siku ya pili. La Saif lilisomwa. La Mwinyimvua halikusomwa. Watu walipoondoka, Bwana Tarsis alimwita ndani, akamwambia alama za asubuhi, ambazo zilikuwa nyingi kuliko za Saif. Kisha akasema: "Na sumu umepata zote kumi."

Mwinyimvua akauliza mbona basi jina lake halikusomwa.

"Lakini Daktari anasema mtu anayepima dawa kwa ulimi hawezi kuachiwa chumba cha dawa. Leo kajionjea mwenyewe, kesho atakosea kwa mgonjwa."

"Sikuijua kwa ulimi, Bwana Tarsis. Ulimi haukunambia kitu. Niliijua kwa moto."

"Najua. Nimemwambia hivyo hivyo." Bwana Tarsis alipanga karatasi zake, akazipanga tena. "Hakukubali. Na mimi, ningekuwa yeye, nisingekubali."

Nje Saif alikuwa anajaribishwa koti, mikono mirefu mno, wenzake wanamwita Bwana Daktari na yeye anawaamuru wanyooshe ndimi. Alipomwona Mwinyimvua akaanza kulivua. Mwinyimvua akamwambia liache, linakukaa. Kisha akaenda chumba cha kuoshea, akakunja mikono ya shati, akafungua maji.