Miwani ya Mama Mpunga

Kazi yangu ni vitenge: nanunua, navusha mpaka, nauza Busia mjini, na njiani nagombana na kila mtu. Ukalimani niliuingia kwa kiburi tu. Shangazi yangu wa Masinya, kijijini upande wa Uganda, alipewa mgeni wa kukaa naye wiki sita, mama kutoka Kambodia aliyekuja kufundisha wakulima kupanda mpunga. Mgeni alijua Kiingereza, shangazi hataki hata kukisikia, basi nikaitwa mimi. Nilifika na viatu vya kisigino. Shangazi aliviangalia akaniuliza kama nimekuja shamba au nimekuja kuposwa.

Mgeni alikuwa mwanamke mfupi wa miaka hamsini na kitu, mkali kwelikweli. Alitushusha bondeni alfajiri na kamba mkononi, mche huku, mche kule, na aliyepindisha mstari aling'oa akaanza upya. Mimi nilikuja kutafsiri lakini niling'oa na kupanda kama wengine. Tukambatiza Mama Mpunga.

Alikuwa na kituko kimoja. Alivaa miwani ya kusomea, ila akitokea mtu yeyote mwenye sare, awe polisi wa pikipiki au mlinzi wa ghala, miwani ilivuliwa upesi na kusukumwa ndani ya blauzi. Sisi tukaamua ni urembo. Shangazi akasema huyu hataki wanaume wajue umri wake, nami nikatafsiri na kuongeza chumvi, nikamwambia polisi wa huku hawana neno na watu wazima. Alitabasamu tu, akaendelea kupanda.

Wiki ya mwisho, bwana mifugo akapita ukingoni mwa shamba na sare yake ya kijani. Mama Mpunga alikuwa na miche mikono yote miwili. Akaivua miwani kwa pupa, ikamponyoka, naye akaikanyaga mpaka ikazama matopeni. Nilicheka mpaka nikakaa kwenye tope. Nikamwambia huyo bwana ana mke tayari, asijisumbue. Hakucheka. Miche yote ilikuwa imeanguka, yeye ambaye hajawahi kuangusha hata mmoja. Niliona aibu, kusema kweli.

Tuliitafuta miwani kwa kupapasa, mimi, shangazi na yeye, tumeinama kama bata, na huku tukipapasa akatueleza. Nchi yao ilikuwa imechoka: vita, mabomu ya watu wa mbali yakianguka vijijini, wakubwa wa mjini wakila wakisaza. Kwa hiyo wapiganaji wa msituni walipoingia mjini, watu waliwapungia mikono. Siku hiyo hiyo wakaanza kufukuzwa, mji mzima, wagonjwa wakisukumwa na vitanda vyao. Watawala wapya walisema mji ni uchafu, pesa ni uchafu, kitabu ni uchafu, mtu safi ni mkulima peke yake. Shangazi akataka nimwulize kama kuna mkulima yeyote aliyeulizwa maoni yake.

Kisha ikatoka amri kwamba mpunga uzae mara tatu. Mpunga hausikii amri. Lakini viongozi wadogo waliogopa, wakapeleka habari kwamba umezaa, na malori yakaja kuchukua hadi mbegu. Waliolima wakabaki na maji ya uji. Njaa ilipoua watu, wakubwa hawakusema tumekosea, walisema kuna maadui ndani. Adui alikuwa mwalimu, daktari, mfanyabiashara, mtu wa asili ya kigeni, Mwislamu, mwenye mikono laini, mwenye miwani. Hapo nikajipima. Baba yangu aliondoka Masinya akahamia mjini, akasilimu, akafungua duka, na mikono yangu ni laini, ya kushika vitenge. Nikaizamisha yote miwili matopeni hadi viwiko, jambo ambalo shangazi bado analisimulia.

Baba yake Mama Mpunga alikuwa mwalimu. Aliivunja miwani yake akaifukia, akajifanya hajui kusoma. Jioni moja wakamfuata, hakurudi tena. Alichongewa, ndivyo alivyosema mgeni, na hakuendelea. Utawala ule ulipoanguka, wakubwa wachache walikuja kushtakiwa wakiwa wazee. Waliobaki walirudi makwao. Mmoja wa waliokuja jioni ile aliuza mboga sokoni kwa miaka mingi, naye mgeni alinunua mboga kwake, maana soko lilikuwa moja.

Shangazi aliikuta miwani kwa kidole cha mguu. Akaisuuza, akaipangusa kwa leso, akauliza kitu kimoja tu: "Mlimzika wapi?"

Nikatafsiri. Mgeni akasema hajui. Shangazi akanigeukia na kuniambia kesho nikate mgomba.

Nyuma ya nyumba yake kuna kaburi la mumewe. Mumewe hayumo. Wanajeshi walimchukua enzi zile mbaya za Uganda, na alipokosekana miaka, wazee wakafanya kama inavyofanywa kwetu: shina la mgomba likavishwa shuka, likalaliwa matanga, likazikwa kama mtu. Mimi nilipinga. Nilisema huyu mama ana dini yake, mimi nina yangu, na baba yake hajawahi hata kuvuka bahari. Shangazi akasema mume wake alikuwa mbishi, amelala peke yake muda mrefu, sasa atapata wa kubishana naye, na heri hawatasikilizana lugha. Nilitafsiri hilo, na mgeni akacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. Akasema anataka.

Basi asubuhi tukachimba. Shina likalazwa ndani ya kitenge changu kipya, nilichokitoa mwenyewe, jamani, tusidharauliane. Shangazi akamwambia mgeni kwamba kwetu mtu haingii ardhini bila kuelezwa kilichomtoa nyumbani. Lazima aambiwe na mtu wake.

Mgeni akaongea kwa lugha yao, kwa muda. Halafu akanitazama, akarudia kwa Kiingereza ili nami niseme. Gunia la mbolea lilikuwa limeletwa kijijini kwao likiwa na maandishi ya kigeni, na kiongozi wao akauliza nani anaweza kuyasoma. Watu wazima wote wakatazama chini. Yeye akainua mkono.

"Nilisema, baba yangu anajua," nikatafsiri.

Shangazi akauliza alikuwa na miaka mingapi. Saba.

"Basi mwambie vizuri," shangazi akasema. "Mwambie mtoto wake alimsifu. Kuchongea ni kazi ya watu wazima."

Mgeni alipiga magoti akalia mpaka kitenge kikalowa, nami nililia naye, na shangazi akatufokea kwamba udongo unakauka. Tukafukia.

Siku tatu baadaye nilimsindikiza mpakani kupanda basi la Nairobi. Afisa wa dirishani, sare imepigwa pasi, akamsogezea karatasi. Nikanyoosha mkono nimsomee. Mama Mpunga akausukuma mkono wangu, akatoa miwani kwenye blauzi, akaivaa. Akasoma karatasi kwa sauti, neno kwa neno, akimtazama afisa kila mwisho wa mstari. Alipomaliza akahamia tangazo la ukutani la bidhaa zilizokatazwa, akaanza juu kabisa. Foleni ikalalamika, dereva akapiga honi. Nikamsihi avue hiyo miwani twende, basi linamwacha.

"Bado," akasema, na akaendelea kusoma.