Kalibu Niliyoiuza

Mwanangu, ipo siku moja ambayo kila nikiikumbuka, chai hunipoa mkononi. Ilikuwa Jumatatu, miaka ile ya mwanzo ya elfu mbili. Tulikuwa tumesimama nje ya kiwanda cha sufuria karibu na Dagoretti Corner, tukiambiwa kwamba kazi imekwisha na kila mtu aende kwake.

Nyakati hizo ilikuwa habari ya kawaida. Leo unasikia kiwanda cha nguo kimefungwa, kesho cha sabuni. Sufuria za kutoka nje zilijaa madukani mjini, na bei yake sisi hatukuiweza. Nilikuwa na miaka ishirini na saba, kazi yangu kung'arisha sufuria, nikiishi Mutuini kwa mama yangu pamoja na binti yangu mdogo.

Tulitawanyika wote ila wazee wawili. Wa kwanza alikuwa Mzee Musyoka, askari wa lango, aliyeachwa alinde majengo. Wa pili alikuwa fundi mkuu wetu, Mzee Jaswant, Kalasinga aliyezaliwa papa hapa Nairobi. Huyu hakuwa na mshahara tena, lakini kila asubuhi alikuja kutia mashine mafuta na kupangusa kalibu, yale machuma mazito ya mviringo ambayo bati hukandamizwa juu yake likawa sufuria. Zilikuwa saba, kuanzia ndogo hadi kubwa. Wenzangu walimcheka, na mimi nilimcheka kuwashinda. Wahenga walituonya tusitukane wakunga na uzazi ungalipo, lakini ujana una masikio ya mapambo.

Mzee Jaswant aliniomba niwe nikienda mara mbili kwa wiki kumsaidia kufagia. Tulikula pamoja chapati na dengu alizofungiwa na mkewe. Basi siku moja niliamka nyumbani hakuna unga. Nilipokuwa nikifagia, nikaiona kalibu moja mbele yangu, nikajiambia: kiwanda hiki ni maiti, na maiti hadai mali. Nikaitia kiondoni, nikaifunika kwa sukuma wiki. Mzee Musyoka akanifungulia lango bila kukipekua kiondo.

"Salimia mama, mwanangu," akaniambia.

Nikaiuza kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu. Nikapata unga na mafuta ya taa. Kabla ya wiki kwisha, vyote vilikuwa vimekwisha.

Miezi ikapita. Akaja mama mmoja mfanyabiashara kutoka Hurlingham, Bi. Wairimu, aliyeuzia mahoteli na mashule vyombo vya jikoni. Alitaka kukikodi kiwanda, mradi kiweze kutoa sufuria za saizi zote. Mzee Jaswant alifurahi kama bwana harusi. Akaanza kuzipanga kalibu mbele ya mgeni na mwenye kiwanda: moja, mbili, tatu... sita. Akazihesabu tena. Iliyokosekana ilikuwa ile ya katikati, ya sufuria ambayo kila nyumba husongea ugali.

Bi. Wairimu akasema atangoja mwezi mmoja, asiongeze hata siku. Mwenye kiwanda akamgeukia Mzee Musyoka. "Ufunguo ni wako. Chuma iko wapi?"

"Haki ya Mungu, mimi sijui."

Hakuaminiwa. Akaambiwa avue koti la kazi pale pale. Nami nilikuwa nimesimama na ufagio mkononi, mwanangu, nikimtazama mzee wa watu akihangaika na vifungo, na ulimi wangu haukuinuka. Nikajiambia nitanena kesho. Kesho ikafika, nikanyamaza. Siku ya tatu nikamwendea Mzee Jaswant na kumwambia yote.

Hakunipigia kelele.

"Ulifikiria hii kiwanda imekufa?" akaniuliza.

"Ndiyo, Mzee."

"Hapana. Ilikuwa imelala. Mtu amelala unamfunika blanketi, humtoi meno ukauze." Akajipangusa mikono kwa kitambaa. "Sasa sikia. Chuma mimi naweza tengeneza ingine. Musyoka, nani atamtengeneza?"

Nilienda kwa mwenye kiwanda nikakiri mbele ya wote waliokuwapo, naye akakubali nilipe kwa kazi na Mzee Musyoka arudishwe; kisha nikapanda basi la Machakos, kwao mzee huyo, alikorudi baada ya kufukuzwa. Nilimkuta akirekebisha ua wa mbuzi. Nikapiga magoti. Aliniacha nilie mpaka nikamaliza, ndipo akasema, "Nimekusamehe, mwanangu. Lakini huko sirudi. Nimewafungulia miaka kumi na tisa, na hakuna hata mmoja aliyesema, huyu tunamjua." Hakurudi kamwe. Hilo ndilo jeraha langu hadi leo.

Kalibu tuliitengeneza, mimi na Mzee Jaswant, kwa wiki tatu. Aliniweka kwenye mashine ya kukereza chuma, akashika mkono wangu chini ya mkono wake, nikikosea tunaanza upya. Malengelenge yakapasuka, yakawa sugu. Mwezi haujaisha, sufuria ya kwanza ikatoka, imepinda kidogo upande mmoja, na hata hivyo Bi. Wairimu akatia sahihi mkataba wa kukodi. Kati ya wafanyakazi sitini tulioondoka, tulirudi kumi na wawili. Nisikudanganye kwamba mambo yalirudi kama zamani. Lakini moshi ulitoka tena, na mimi nilitoka mle nikiwa fundi. Ndiyo kazi iliyomsomesha binti yangu.

Basi sikia, mwanangu. Kazi ikianguka, usiwe wa kwanza kubomoa kilichobaki. Pangusa, tia mafuta, ngoja, maana anayebomoa kwa sababu ya njaa ya leo huiba chakula cha kesho cha wengi. Usimcheke anayetunza kitu ambacho wewe umekikatia tamaa. Na ukikosa, sema siku hiyo hiyo. Tangu mzee avuliwe koti, ukweli wangu ulichelewa siku mbili tu, na siku mbili zilitosha kumpoteza mtu mwema. Majumba huinuliwa tena. Heshima ya mtu ikivunjwa, hata msamaha hauiungi yote.

Mungu akupe mikono isiyoona haya kuanza upya, na ulimi unaowahi. Akujalie uione Nairobi ikisimama, nawe uwe miongoni mwa walioishika isianguke. Nenda kwa amani.