Kufuli Niliyoitia Kisima cha Msikiti

Mkinicheka mnicheke, maana mimi mwenyewe hadi leo nikipita njia ya Mkange nashusha kofia machoni, na wenzangu wa ofisini nimewaambia eti ni vumbi, kumbe ni aibu tu.

Mimi ni bwana afya. Mwaka jana nilijiandikisha kozi ya mtandaoni ya kuchora ramani za magonjwa, masomo manane, unasoma kwenye simu kwa bando lako, na somo la tatu, la kukagua taarifa kabla hujazichora, nikaliona refu na halina picha, nikabonyeza "Nimemaliza" nikarukia la nne lenye rangi rangi. (Cheti nilipata. Nikakiweka hata stetasi.)

Haukupita mwezi, kijiji kimoja huko ndani, njia hiyo hiyo ya Mkange, watu wakaanza kuhara na kutapika. Mhudumu wa afya wa kijiji, Bi Tatu, mama wa makamo asiyejua kuchoka, alikuwa anapita nyumba kwa nyumba, nami nikamwekea kwenye simu fomu niliyoitafsiri mwenyewe, ajaze jina la mgonjwa kisha abonyeze kitufe nilichokiandika "Chukua mahali ulipo". Wagonjwa kumi na wanne wakaingia, nikachora, na lahaula! nukta zote zimerundikana kwenye kisima cha msikiti kama nzi kwenye embe. Nilitetemeka kwa furaha, Mungu anisamehe.

Jumatano asubuhi nikasimama na laptop yangu mbele ya mkutano wa kijiji. Bi Tatu alikuwa msibani Kaole, na sikuona haja ya kumsubiri. Imamu akaniuliza kwa upole, "Bwana afya, mimi na watoto wa chuo tunayanywa maji haya kila siku. Mbona sisi hatujaugua?"

"Shehe, ramani haina upendeleo," nikamjibu. (Nilisema hivyo, kwa mdomo huu huu.)

Kisima kikatiwa kufuli, ufunguo nikautia mfukoni, na watu wakabaki na lambo, huko huko wanakonyweshea ng'ombe. Nikawaambia wachemshe maji, kana kwamba kuni zinaokotwa mlangoni.

Ijumaa nikarudi. Watu wamejaa uani pa msikiti, maji ya kutawadha hakuna, na habari niliyopokelewa nayo ni kwamba wameugua wengine wawili, mmoja mjukuu wa imamu, yuko zahanati na hali yake si nzuri. Mara Bi Tatu huyo, ndiyo kwanza anashuka kwenye bodaboda kutoka msibani.

"Shikamoo, Bi Tatu."

"Marahaba, mwanangu. Hebu nione hiyo ramani." Akaiinamia. "Nukta hii ya nani?"

"Ya Mwanaidi."

"Mwanaidi anakaa kule lambo. Na hii?"

"Ya Mzee Kondo."

"Lambo huyo. Wote hawa ni wa lambo, kisima hiki hawakijui. Nani kawaleta hapa?"

"Si wewe, Bi Tatu? Wewe ndiye uliyejaza!"

"Umeandika mahali ulipo," akasema, tena kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. "Mimi nilipo ni hapa barazani, ndipo mtandao unaposhika. Kutwa nazunguka na daftari, nikirudi nakaa hapa nawaingiza wote. Ungetaka walipo wagonjwa, ungesema!"

Watu wakaangua kicheko. Imamu hakucheka, alininyooshea mkono tu, nami kwa kuchanganyikiwa nikaupokea nikidhani ananipa salamu.

"Ufunguo," akasema.

Nikapekua mifuko yote, kijiji kizima kikinihesabia mmoja mmoja, na nilipoupata ukaniponyoka ukaanguka mchangani miguuni pake. Hakuniacha niuinamie, aliuokota mwenyewe.

Mtoto alipona, alhamdulillahi, baada ya siku tatu za dripu, na siku zote tatu nilishinda pale zahanati bila kuitwa na mtu. Imamu akija ananisalimia vizuri, ananiuliza habari za nyumbani, halafu anamgeukia mjukuu wake. Bora angenitukana.

Tangu hapo simchori mgonjwa yeyote mpaka nimefika mlangoni pake kwa miguu yangu, nimepiga hodi, na mwenyewe kaniambia karibu.