Mzee Aliyebeba Mlango

Nakumbuka siku moja, mvua ilikuwa imekatika na soko la Kasongo linanuka matope na samaki wa mto Lualaba, nikamsikia Mjomba Salumu akisema ataifuta kaseti ya filamu ambayo hakuna mtu aliyejua inaishaje.

Mwanangu, wewe leo unabeba filamu chungu nzima ndani ya simu, na nikikuuliza ipi nzuri, unanitajia ile ambayo kila mtu ameshaiona. Ngoja nikusimulie ya kwangu. Nilikuwa msichana, nakaa kwa mjomba, mwenye chumba cha video nyuma ya soko: televisheni, jenereta, mabenchi ya mbao, na Kitenge. Kitenge alikuwa mtafsiri. Alikaa kando ya televisheni na kipaza sauti, akitueleza kwa Kiswahili yale waliyosema watu wa ndani. Kichina, Kihindi, Kiingereza, zote alizitafsiri, na hakuna hata moja aliyoijua. Tulimpenda sana.

Filamu yenyewe ililetwa na mchuuzi wa dhahabu kutoka Lusangi, kaseti isiyo na jalada wala jina. Ndani yake mzee anatembea milimani, mlango wa mbao mgongoni. Basi. Hakuna ngumi, hakuna bunduki, na maneno yake ni machache, ya lugha tusiyoifahamu. Kila Mjomba alipoionyesha, kelele zilianza kabla haijafika katikati.

“Iko anaenda wapi huyu muzee?”

“Anatafuta nyumba ya kuvalisha mulango!”

“Kitenge, tuwekee filme ya watu wenye akili!”

Kitenge, kwa kutaka kujiokoa, akasema mzee ni mwizi, amekimbia na mlango wa tajiri, polisi wako nyuma yake. Watu wakatulia kuwangoja polisi. Polisi hawakutokea. Kaseti ikatolewa.

Lakini lile swali lilining’ang’ania. Nikiteka maji, nikipepeta mchele, najiuliza: anaenda wapi? Nikaanza kuitazama milango ya mtaani kama vitu vigeni.

Kwa hiyo niliposikia kaseti itafutwa ili irekodiwe mechi, nilimkimbilia Mjomba.

“Mujomba, tuone mwisho kwanza.”

“Mwisho wa nini? Muzee atachoka, atakaa. Ndiyo mwisho.”

“Na kama hakai?”

Alicheka mpaka akakohoa. “Haya. Kesho muchana, mbele ya mechi kuanza. Watu wakibaki mpaka mwisho, kaseti inapona. Wakitoka, nafuta.”

Kesho yake chumba kilijaa, si kwa ajili ya mzee, bali kwa kuwa watu waliwahi viti vya mechi. Nilikuwa nimemleta pia Mama Feza, dada mkubwa wa mama yangu, aliyefika kwa pikipiki kutoka Wamaza kuuza karanga. Aliketi benchi la mbele, kikapu mapajani.

Mzee akatokea. Miluzi ikaanza. Kitenge akashika kipaza sauti: “Huyu mwizi wa mulango anajua polisi wako karibu...”

“Weye!” Mama Feza akamkata. “Mwizi gani anapanguza vumbi?”

Kweli. Mzee alikuwa ameuegemeza mlango kwenye jiwe, anaupanguza kwa pindo la shati, taratibu, kama anayemfuta mtoto uso. Nilikuwa nimeipita picha ile mara nyingi bila kuiona.

“Huyu anahama,” akaendelea. “Kwetu ukihama, kuta unaacha, maana ni udongo tu, utajenga zingine. Mulango unabeba. Miye wangu niliubeba kichwani, na mimba tumboni.”

“Na anahamia wapi, mama?” kijana mmoja akauliza, safari hii bila mzaha.

“Sijui. Ndiyo naangalia. Nyamazeni!”

Kitenge akaweka kipaza sauti chini. Hapo ndipo tuliposikia, kwa mara ya kwanza, filamu yenyewe: upepo, pumzi za mzee, kamba ikilia kwenye mbao. Sauti hizo zilikuwemo siku zote.

Mwishowe mzee akafika penye nyasi tupu. Nyumba hakuna. Akausimamisha mlango, akauegemezea vijiti, akazunguka upande wa mbele. Akavua kofia. Akabisha. Ngo, ngo, ngo. Akangoja. Picha ikabaki palepale, mlango na nyasi, na hakuna anayekuja.

Mama Feza, kikapu mapajani, akaitika kama mtu yeyote aliyelelewa vizuri: “Karibu!”

Hakuna aliyecheka. “Karibu, muzee,” Kitenge akasema, bila kipaza sauti. Kisha benchi zima, kisha chumba kizima. Karibu. Karibu.

Mjomba akaitoa kaseti, akaipuliza vumbi, akaiweka juu ya kabati lake. Mechi haikurekodiwa. Kaseti ile ikazunguka Lusangi na Wamaza, watu wakiazimana, mpaka utepe ulipokatika. Mpaka leo sijui ilitengenezwa nchi gani. Sijui mzee alikuwa anambishia nani. Mama Feza alisema mkewe marehemu. Kitenge alisema Mungu. Mjomba alisema ni sisi.

Mwanangu, usiiache filamu kwa kuwa haina jina kubwa, wala kwa kuwa waliokutangulia waliipigia miluzi. Kaa nayo mpaka mwisho, na mdomo uupumzishe. Ikikugusa, usiifiche: mlete mtu mmoja akae karibu nawe, na umsikilize, maana huenda ameubeba mlango ambao wewe unauona tu. Filamu nyingi nzuri bado zimesimama nje, kofia mkononi.

Mungu akupe macho yenye subira. Na siku utakapobisha mahali pasipo na nyumba, asikosekane mtu wa kukuitikia karibu.